Maswali Thelathini na Moja

4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limepunguza ukaidi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mume wangu. Nyonga yake sasa imekataa kabisa kumtii, anatembea kama mlango uliong'oka bawaba moja. Madaktari wa hapa wamenyoosha mikono. Tumepata nafasi katika hospitali ya nchi ya mbali na tutaondoka tarehe ishirini na nane mwezi ujao, kwa wiki sita. Lazima niende naye, maana hata soksi hawezi kuivaa bila mimi kupiga magoti.

Nakuandikia badala ya kupiga simu, kama tulivyokubaliana mwaka jana baada ya msiba wa shangazi. Kwenye simu mimi na wewe tunagombana hata salamu hazijaisha.

Shida yangu ni Karani. Hujamwona bado: ni mbwa wetu, rangi ya kahawia, sikio moja limelala, na ana namna ya kukutazama kama mtu wa kaunta anayekwambia faili lako halionekani. Jina alijipa mwenyewe kwa sura hiyo. Ana miaka saba na hajawahi kulala nje ya nyumba hii.

Mji huu una mabweni matatu ya mbwa. Jana nilikwenda la kwanza. Mapokezi yana kiyoyozi, kinanda kinalia polepole, ukutani kuna picha za mbwa waliovishwa kofia. Dada wa mapokezi akaniambia, "Hapa hatusemi mbwa. Tunasema wageni."

"Haya, wageni wanalala wapi?"

Akanionyesha picha nyingine. Nikamwambia nataka kuona chumba chenyewe.

"Wageni wanapumzika sasa hivi, hatupendi kuwasumbua."

Unaijua kazi yangu. Miaka kumi na tisa nakagua majiko ya hoteli. Mwenye jiko akiniambia wapishi wanapumzika, hapo ndipo ninapofungua daftari. Nikaondoka.

Wewe ulilea mbwa wa daktari wa meno kwa miaka kumi na minne. Niambie, niangalie nini?

Mwanao


13 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, ila halina adabu. Mpe pole mkwe wangu, mwambie asione aibu kuvalishwa soksi. Wanaume wengi wamevalishwa maisha yao yote na hawajawahi kusema ahsante.

Naandika polepole, nivumilie. Mtu aliyeshika kalamu ana miaka hamsini na moja hakimbii nayo.

Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Hawasemi mbwa, wanasema wageni! Mgeni gani anafungiwa mlango kwa nje? Ukiona mtu amebadilisha jina la kitu, jua kitu chenyewe kinanuka.

Sasa sikiliza. Usiweke miadi. Nenda saa ya kulisha, kwa sababu saa hiyo hakuna anayeweza kuigiza. Usitazame mbwa usoni, watakudanganya, mbwa hupenda kila mtu. Tazama viwiko. Mbwa anayelala juu ya saruji tupu huota sugu kwenye viwiko. Tia kidole ndani ya bakuli la maji. Kikiteleza, maji yale yana siku nne. Na ukiingia wasipobweka, ondoka. Mbwa asiyebweka kwa mgeni ama amepewa dawa ama ameshakata tamaa.

Lakini haya yote ya nini, mwanangu? Mlete kwangu. Nina uwanja mdogo wenye ukuta, nina mguu mmoja na nusu, nina muda wote ulimwenguni. Usiseme unanibebesha mzigo. Ng'ombe haelemewi na nunduye.

Neno moja la mwisho, halafu nitanyamaza. Mwaka jana hukupata siku mbili za kuja kumzika shangazi yako, dada wa marehemu baba yako, mwanamke aliyekufungulia mlango wake kila nilipokuwa na shida. Leo una siku za kuzunguka mji mzima ukimtafutia mbwa pa kulala. Nimelisema. Limetoka.

Mama yako


22 Februari

Mama,

Shikamoo. Pole na goti. Mume wangu amepokea pole yako na anakurudishia ya kwako. Nyie wawili mngeunda chama.

Nilifanya ulivyosema. Bweni la pili nilikwenda saa kumi na nusu jioni, wakati wa kulisha. Mwenyewe ni mwanamke ambaye wote wanamwita Meneja. Akanizuia getini.

"Una miadi?"

"Sina."

"Basi njoo kesho saa nne."

"Kesho saa nne mbwa watakuwa wameshaogeshwa?"

Akacheka bila kupenda, akafungua. Kidole kiliteleza kwenye bakuli kama kwenye sabuni. Mbwa wawili walikuwa na viwiko kama soli za viatu. Nilipokuwa natoka akaniambia, "Samahani dada, wewe unamtafutia bweni mbwa au mtoto?"

Swali hilo nililibeba. Nimetoka nalo pale na mpaka leo sijalitua.

Bweni la tatu ni la Kocha, mkufunzi wa riadha aliyestaafu. Vizimba vinane, mbwa wanane, kila kizimba kina zulia, maji yanabadilishwa asubuhi na jioni. Nimekwenda mara tatu bila taarifa. Mara ya tatu nilikaa naye kwenye benchi nikamsomea maswali yangu, thelathini na moja, akayajibu yote bila kukasirika. Karani atakaa kwake.

Kwako simleti. Ningeweza kukuambia ni umbali, safari ya basi ya siku nzima, na ungeamini. Lakini sipendi kusema uongo kwa maandishi. Simleti kwako kwa sababu najua utamlea vizuri.

Nilipofika nyumbani niliyasoma tena maswali yale. La tano: analala juu ya nini? La tisa: akilia, nani anamwendea? La kumi na nne: anakula kabla ya wengine au baada yao? Mwandiko ni wangu lakini maneno si yangu, mama. Ni ya karatasi ya Jenerali.

Unaikumbuka? Kila daktari wa meno na mkewe waliposafiri, Madamu alikuandikia karatasi ya mbwa wao, kurasa nzima. Ulikuwa hujui kusoma na hukutaka Madamu ajue. Ukaileta chumbani kwetu, mimi nikasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa nikakusomea, mara tano, mara kumi, mpaka ukaishika yote kichwani. Nilikuwa na miaka saba, minane, tisa. "Jenerali asiachwe peke yake zaidi ya saa moja." "Jenerali asilale sakafuni." "Jenerali akilia, mtu alale karibu naye." Ukishamaliza kukariri, unazitia nguo zangu kwenye mfuko wa plastiki na kunipeleka kwa shangazi, wewe unakwenda kulala kwa Jenerali. Wiki tatu. Mwezi. Mara moja miezi mitatu. Ule mfuko wangu haukuwahi kuwa na karatasi.

Umeandika kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye. Nundu yako uliitua kwa wifi yako ukaenda kubeba ya daktari wa meno.

Basi nina swali moja tu, la thelathini na mbili. Ulimuuliza shangazi maswali mangapi?

Mwanao


9 Machi

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Siku zote unanijibu ndani ya siku tisa. Zimepita kumi na tano, na mwenye duka hapo kwenu ameniambia unapita kila asubuhi kununua mkate, kwa hiyo si ugonjwa.

Kazini kwangu, mtu akinyamaza mbele ya swali, tunaandika jibu wenyewe.

Mwanao


13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo. Barua ilifika. Niliisoma mara moja nikaificha chini ya godoro kama mtu aliyeficha mali ya wizi, na ikanichoma mgongo mpaka nikaitoa.

Maswali mangapi? Moja. Nilimuuliza, "Wifi, una nafasi?" Akanijibu, "Nafasi haikosi." Nikasema ahsante. Umetosheka? Liandike kwenye daftari lako.

Sasa na wewe nisikilize, Bi Mkaguzi. Watu wa dunia hii wamegawanyika mara mbili, na si matajiri na maskini kama mnavyofundishana vyuoni. Kuna wanaouliza na kuna wanaoshukuru. Daktari wa meno aliuliza. Aliniuliza kama nina kifua kikuu, kama nina mwanamume, kama mkono wangu ni mrefu. Madamu alininusa vidole kabla ya kunikabidhi bakuli la mbwa. Na kwa nini wasiulize? Walikuwa wanaacha kitu wanachokipenda kwa mtu wanayeweza kumfukuza. Mimi nilikuwa naacha kitu ninachokipenda kwa mtu anayeweza kunifukuza. Ukiwa unafadhiliwa huulizi mtoto atalala juu ya nini. Ukithubutu, unajibiwa: kama hapakufai, mchukue.

Nikuchukue nikupeleke wapi? Chumba chetu, peke yako, una miaka minane? Kwa Madamu? Karatasi ya Jenerali, mstari wa kwanza kabisa, ulinisomea kwa sauti yako: "Mtu yeyote asiingie nyumbani." Mtu yeyote. Na wewe, mbele ya watu wale, ulikuwa mtu yeyote.

Kazi ile ilikununulia sare, ikakununulia vitabu, ikakufikisha hapo ulipo. Hilo daftari unalowatisha nalo wenye hoteli limetokana na mavi ya Jenerali niliyoyazoa kwa mikono hii miwili. Usiliinue kunipigia nalo.

Halafu mimi nikuulize. Kama kwa shangazi yako kulikuwa na ubaya, mbona hukusema? Nilikuwa nakuja kukuchukua, unasimama mlangoni na mfuko wako, kimya, kama mzigo uliofungwa vizuri. Mama hatibu kidonda asichoonyeshwa. Mimi nilikuwa sijui.

Mama yako aliyekulea


24 Machi

Mama,

Shikamoo. Tunaondoka tarehe ishirini na nane alfajiri kwenda uwanja wa ndege wa mji mkubwa. Masanduku yamefungwa, Karani ameyakalia. Anajua.

Unauliza mbona sikusema. Nilisema.

Nilikuwa na miaka tisa, ile safari yao ya miezi mitatu. Kwa shangazi nililala jikoni, nyuma ya mlango, kwa sababu ndipo palipobaki. Kila aliyeingia alinigonga na ule mlango. Nilijifunza kulala nimejikunja, mgongo kwenye ukuta, na bado kitasa kilikuwa kinanifikia begani. Nilikula wakishakula wote, na chungu kikiwa kimekwisha nilikwangua ukoko. Siku niliyochukua kipande cha mkate bila ruhusa, shangazi alinigandamiza kiganja kwenye ukingo wa jiko. Alama umeiona mara elfu. Uliniuliza, shangazi akajibu kabla yangu: "Utundu wake." Hukuuliza tena.

Nilichana kurasa mbili katikati ya daftari la hesabu, nikaziandika zote, mbele na nyuma, nikampa muuza maziwa aliyekuwa anapeleka maziwa mtaa wa Madamu. Alirudi akaniambia amekupa mkononi. Nikangoja.

Nikusimulie nilivyokuwa mjinga. Kama wiki moja baadaye, mchana, nimelala pale nyuma ya mlango nina homa, nikasikia mbwa amebweka nje karibu na dirisha. Mara moja tu. Nikainua kichwa nikasema, "Mama amekuja!" Binti za shangazi walicheka mpaka wakashika mbavu. Mpaka nakua, kila mbwa akibweka walikuwa wananiambia, "Kimbia, mama yako huyo." Shangazi mwenyewe alipenda sana mzaha ule. Ndiyo sababu sikuja kumzika.

Sikulaumu kwa barua ile. Hukujua kusoma. Nilijiambia hivyo miaka yote: aliipokea, hakuweza kuisoma, aliona haya kumpa mtu amsomee. Hilo naweza kuishi nalo.

Jambo moja la kazi. Fomu ya Kocha inataka jina la mtu wa kuitwa kama mimi sipatikani. Nimeandika lako, sina mwingine. Palipoandikwa "uhusiano" nimejaza: mzoefu wa mbwa. Anwani ya Kocha na ya hospitali tuendayo nimeziandika nyuma ya karatasi hii.

Mwanao


5 Aprili

Mwanangu,

Natumaini mmefika salama na mkwe wangu amepasuliwa na watu wenye mikono mizuri. Mimi sijambo wa mwili.

Uongo niliojipikia mimi, kwamba sikujua barua ile inasema nini, umenipakulia wewe kwenye sahani safi, nami nimeshindwa kuula. Ningeweza kuuacha. Ungeishi nao, umesema mwenyewe. Lakini wewe husemi uongo kwa maandishi, na mimi nilijifunza kuandika uzeeni. Sitaki kalamu hii ianze na hilo.

Muuza maziwa alinipa barua mkononi. Nilimpelekea mlinzi wa nyumba ya jirani, mzee mmoja aliyekuwa anasoma magazeti. Kurasa mbili, mwanangu, mbele na nyuma. Alizisoma kimya, midomo ikicheza, muda mrefu mpaka akazikunja. Halafu akanitazama akasema, "Anasema hajambo. Anakusalimia."

Kurasa mbili zikatoa maneno matatu. Mimi nilikuwa sijui kusoma, sikuwa punguani. Alinionea huruma yule mzee, na huruma ya namna ile ni sumu iliyotiwa sukari. Nilijua.

Nikaja. Jenerali hakutakiwa kuachwa zaidi ya saa moja, na kwa shangazi yako kulikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, kwa hiyo nilimfunga kamba nikaja naye. Sikutoa taarifa. Nilizunguka nyuma, nikafika kwenye dirisha la jiko. Nilikuona. Ulikuwa umejikunja nyuma ya mlango, umejifunika lile gauni langu la zamani. Mmoja wa binti za shangazi yako akaingia kuchota maji, mlango ukakugonga. Hukulia. Ulisogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.

Jenerali akabweka. Mara moja. Ukainua kichwa.

Nilimziba mdomo. Kwa mkono huu. Nikainama chini ya dirisha, nikasikia ulichosema, nikasikia walivyocheka. Nilihesabu: nikiingia, wifi atasema mchukue sasa hivi. Nikikuchukua, sina pa kukuweka, na nikikosa kulala kwa Madamu kazi imekwisha, na kazi ikiisha shule imekwisha. Hesabu ile ilikuwa sahihi. Nimeirudia miaka thelathini na mbili, kila mara inatoka sahihi. Nikaivuta kamba tukarudi. Jenerali alichoka njiani, nikambeba.

Nilipojifunza kusoma, mwalimu alituambia kila mmoja alete kitu kutoka nyumbani asome mbele ya darasa. Mimi nilikaa nyumbani nikasoma zile kurasa zako mbili. Zinachukua dakika kumi na moja.

Na mwaka jana nikakuuliza kwenye simu mbona hukuja kumzika, mbele ya ndugu, kwa sauti kubwa, kama mtu asiyejua. Tarehe kumi na tatu mwezi uliopita nikakuandikia "sijui". Ndiyo hayo.

Siombi kitu.

Mama


19 Aprili

Mwanangu,

Sijapata jibu. Sidai.

Nakuandikia kuhusu Karani, kwa sababu mimi ndiye wa kwenye fomu. Juzi nilipanda basi la asubuhi nikafika mji wenu saa tisa. Sikumwambia Kocha. Nilikaa kwenye kibanda cha viatu ng'ambo ya barabara mpaka saa kumi na nusu, kisha nikavuka.

Walibweka wote, nikamshukuru Mungu. Vizimba vinane safi, mazulia, maji mazuri, kidole hakikuteleza. Lakini mbwa nilihesabu kumi na tatu. Ni likizo ya shule, watu wamesafiri, Kocha ameshindwa kusema hapana. Nikatafuta sikio lililolala. Halikuwa kwenye kizimba chochote.

Nilimkuta kwenye chumba cha magunia ya chakula, nyuma ya mlango. Nilipousukuma ulimgonga. Hakulia. Alisogea kidogo.

"Mama, ni kwa siku chache tu," Kocha ananiambia, kofia mkononi. "Anapewa chakula, anatembezwa, hana shida. Mbwa mpole sana huyu."

"Kwa nini yeye?"

"Kusema kweli?"

"Sema uongo kama unao wa kutosha."

Akatazama chini. "Hawa wengine, wenyewe au ndugu zao wanapita jioni kuwaona. Wa kwake wako mbali."

Si mtu mbaya, yule. Nimeishi kutosha kujua kwamba mambo haya hayafanywi na watu wabaya. Aliyajibu maswali yako thelathini na moja kwa ukweli, siku ulipouliza. Lakini karatasi hailali bwenini. Anayekuja kutazama, wake hupewa kizimba. Asiyekuja, wake hupewa nyuma ya mlango. Ni hivyo kwa mbwa, ni hivyo kwa wazee, na ni hivyo kwa watoto.

Nikamwambia afungue kamba. Akasema lazima mwenyewe aandike. Nikamwonyesha jina langu kwenye fomu, nikamsomea kwa sauti, herufi kwa herufi: mzoefu wa mbwa. Nikamtoa.

Kondakta wa basi akakataa. "Mbwa hapandi." Nikamwambia huyu si mbwa, ni mgeni. Watu wakacheka, akatupisha. Tulisimama njia nzima, mimi na goti langu, yeye ameniegemea.

Yuko hapa. Anakula vizuri. Analala kwenye kitanda changu, upande wa ukutani, mlango haumfikii. Ananitazama kwa ile sura yake ya kaunta.

Safari hii niliingia, mwanangu. Nilitaka tu ujue niliingia.

Mama


3 Mei

Mama,

Shikamoo.

Barua zako mbili zimefika siku moja. Ya kwanza ilikuwa imezunguka wodi nyingine. Nilizisoma kwa mpangilio wa tarehe.

Mume wangu anatembea na fimbo. Tunarudi tarehe tisa. Nitakuja kumchukua Karani tarehe kumi na mbili, kwa basi la asubuhi, na nitageuza na hilohilo. Tafadhali awe amefungwa kamba, nje, karibu na geti.

Ndani ya bahasha kuna karatasi yake, anavyokula na anavyopenda kulala. Siku hizi unajua kusoma.

Nimefurahi kwa ajili ya mbwa.

Mwenye mbwa